Sindano Aliyochomwa Thembo Mwingine

Jean-Bosco Thembo alikuwa na sauti iliyowavusha watu wa Kasindi mpaka wa Kongo kuja kusali Bwera, na alikuwa na ngiri ambayo hakutaka hata mmoja wao aijue. Ilikuwa imeshuka upande wa kulia, pale paja linapokutana na tumbo, na chini ya suruali ilifanana na yai la bata. Akiimba sauti za chini ilitulia kwa adabu. Akipanda juu, yenyewe ilishuka. Kwa hiyo alijizoeza kuongoza kwaya kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukiwa mfukoni, umeibana ngiri, na waumini wakadhani ndivyo wanavyosimama waongoza kwaya wa Butembo, kwao alikotoka wakati wa vita vya waasi.

Siri ile ilidumu mpaka Pasaka ya mwaka sabini na tatu. Katikati ya Utukufu, alipokuwa akilikimbilia neno "juu" kwa nguvu zote za kifua chake, amejisahau na kuinua mikono yote miwili, kitu kikachomoka. Jean-Bosco akashusha mikono yote miwili kwa pamoja kwenda kukizuia. Kwaya, ambayo alikuwa ameifundisha kwa ukali ifuate mikono yake wala isifuate kitu kingine, ikaona mikono imeshuka, ikanyamaza. Padri akangoja kidogo, akaona kimya kimezidi, akaendelea na sala. Mwaka ule Mungu alipata utukufu nusu huko Bwera.

Jean-Bosco alilala chali sakristia, magoti juu, mpaka ngiri ikarudi yenyewe. Alipofumbua macho, mkewe alikuwa amesimama juu yake. Marie-Louise alikuwa mjamzito wa mtoto wa pili, tumbo limeshatangulia, na hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Baba Elise," akamwambia, "ile kitu itakuua mbele ya altare. Na watu bakiniuliza, sitabaambia ni Roho Mutakatifu."

Hospitali waliyoendea ilikuwa ndogo, ya misheni, juu ya kilima nje kidogo ya Bwera, na siku hizo ilikuwa na kila kitu isipokuwa vitu. Maduka ya dawa ya Kasese yalikuwa yamebaki na rafu na buibui. Dereva aliyetumwa kungoja mizigo stesheni ya treni alirudi na sanduku moja, na lilipofunguliwa likakutwa limejaa glavu za mkono wa kushoto. Penisilini iliyobaki ilifungiwa kabatini, na ufunguo ulikaa shingoni kwa Sista Edisa, mkuu wa wauguzi, ukining'inia sambamba na msalaba wake. Wagonjwa waliutazama ufunguo kuliko msalaba.

Daktari alikuwa mmoja tu, mwanamke wa Kiacholi aitwaye Lanyero. Alikuwa amezaliwa na kulelewa kambini, baba yake sajini, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha: lala, geuka, vuta pumzi, nyamaza. Akimwambia mtu pole, mtu huyo alikaribia kupiga saluti. Na kwa sababu dawa zilikuwa chache, alikuwa amefanya jambo lililozua manung'uniko kilima kizima. Zamani mgonjwa akipasuliwa, alichomwa penisilini baada ya kisu, asubuhi na jioni, siku kadhaa mfululizo, mpaka matako yakawa kama chujio. Lanyero alikuwa amesoma kwamba kuna madaktari ng'ambo wanaompa mgonjwa dawa kabla ya kupasuliwa, na kwamba vidonda vyao vinaoza kwa nadra zaidi. Akaamua hivi: kila mtu sindano moja, saa moja hivi kabla ya kisu, basi. Baada ya hapo maji, uji na subira.

Sista Edisa hakukubaliana naye, na hakuficha. Alikuwa amewauguza watu kwa sindano za baada tangu enzi za mkoloni, na kwake kumchoma mtu ambaye bado hana kidonda ilikuwa sawa na kumpa komunyo mtu asiyebatizwa. Lakini daktari alikuwa daktari, kwa hiyo alitii, akinuna.

Jean-Bosco naye, alipoelezwa, alinuna kuliko Sista. Wodini alilazwa karibu na mkulima wa kahawa kutoka Kyondo, mzee wa Kiprotestanti mwenye ngiri yake pia, ambaye naye aliitwa Thembo: Yafesi Thembo. Si ajabu, kwa maana katika kabila lao, pande zote mbili za mpaka, mtoto wa kiume wa nne ni Thembo, na kilima hakikosi akina mama wenye bidii. Wale wawili walipatana upesi, kwa kuwa ngiri haijali dhehebu. Tofauti yao ilikuwa moja. Yafesi alipenda sindano kama watu wengine wanavyopenda nyama. Aliamini sindano ndiyo hospitali yenyewe, na kwamba vidonge na maneno ni njia ya kumfukuza mtu kwa upole. Jean-Bosco aliamini sindano pia, ila ziwe nyingi, na ziende mahali penye kazi.

Daktari Lanyero alipopita, Jean-Bosco alimweleza hoja yake kwa unyenyekevu wa mfanyabiashara. Kwamba yeye haoni sababu ya kupoteza dawa njema kwenye tako la mtu mzima asiye na jeraha. Kwamba moto huzimwa ukishawaka. Kwamba ingekuwa vyema hiyo moja yake iwekwe, aongezewe na nyingine, achomwe baadaye.

Lanyero alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Askari anapangwa getini kabla ya mwizi kuingia," akasema. "Akishaingia, akafunga mlango, akalala kitandani kwako, huyo askari wako atapiga kelele nje tu. Dawa iwe ndani ya damu wakati kisu inaingia. Umeelewa?"

Jean-Bosco akasema ameelewa. Maana yake ilikuwa kwamba ameshapanga la kufanya.

Alikuwa na shemeji, Fidèle, kaka wa Marie-Louise, ambaye biashara yake ilikuwa kuvusha mpakani chochote kilichokatazwa kuvuka. Jean-Bosco alimtumia ujumbe amletee penisilini kutoka Beni, chupa za kutosha, apate kuchomwa kwa heshima baada ya kisu. Na ile sindano ya kabla, akaona, si lazima aikatae mbele ya daktari na kuamrishwa kama kuruta. Kulikuwa na Thembo mwingine hapohapo, mwenye hamu.

Asubuhi ya kupasuliwa, muuguzi aitwaye Rusi aliingia na sinia. Alikuwa mgeni wodini, kaletwa wiki ileile. Akaita Thembo. Yafesi akaitikia, akageuka, akachomwa, akashukuru. Rusi akazunguka kitanda, akasoma tena karatasi yake, akaita Thembo. Jean-Bosco alikuwa amejifunika blanketi mpaka kichwani, anakoroma kwa sauti ya tenori ya kwanza. Yafesi akaitikia tena, kwa furaha ya mtu aliyeongezewa mchuzi, akageuza upande wa pili. Rusi alisita. Yafesi akamweleza, kwa uso wa mzee wa kanisa, kwamba upande ule mwingine ulikuwa wa Thembo wa kwanza. Binti wa watu alikuwa na vitanda kibao vya kuhudumia. Akachoma.

Baadaye wakapasuliwa, Yafesi kwanza, Jean-Bosco akifuata, kwa mkono uleule na kisu kilichochemshwa katika sufuria ileile. Lanyero alirudisha matumbo mahali pake, akashona vizuri. Jean-Bosco alizinduka akiwa mwepesi chini ya kitovu kwa mara ya kwanza tangu aondoke Kongo, na akajipongeza kwa akili zake.

Fidèle alifika na sanamu ya Mtakatifu Antoni wa plasta, tupu ndani, aliyejazwa chupa za penisilini mpaka shingoni. Alisimulia jinsi askari wa mpakani alivyomuuliza huyo ni nani, na alipoambiwa ni mtakatifu wa vitu vilivyopotea, askari akamtaka Antoni amtafutie redio yake iliyoibwa, akampitisha bila kumpekua. Basi kila jioni, wauguzi wakienda kunywa chai, Fidèle alimchoma shemeji yake sindano nyuma ya jiko la wagonjwa. Ujuzi alikuwa nao. Alikuwa amewachoma nguruwe wa mapadri wa Butembo miaka mingi, na nguruwe, alisema, hawakuwahi kulalamika kwa barua.

Yafesi aliondoka kitandani akitembea kama aliyekuja kutazama wagonjwa. Kidonda chake kilikuwa mstari mwembamba mkavu, na akakionyesha kwa yeyote aliyetaka na kwa wengi wasiotaka. Jean-Bosco alimcheka kidogo, kwa kuwa yeye alikuwa anaendelea kupata dawa na mwenzake hana hata moja.

Kisha kidonda cha Jean-Bosco kikaanza kupiga. Mwanzoni kama mtu anayebisha hodi kwa kidole, baadaye kwa ngumi. Pakawa pekundu, pakavimba, pakang'aa. Homa ikaja na meno yake. Asubuhi moja blanketi lilipoinuliwa, mgonjwa wa kitanda cha tatu akaomba afunguliwe dirisha.

Lanyero alikata nyuzi mbili. Kilichotoka kilimfanya Rusi aangalie ukutani. Wakamwosha kwa maji ya chumvi, wakamjaza kitambaa ndani ya kidonda kama mtu anayeziba dirisha lililovunjika, na kila siku kitambaa kilivutwa kutoka na kingine kikaingizwa. Wakati wa kuvutwa, Jean-Bosco alizifikia sauti ambazo kanisani hakuwahi kuzifikia. Wanakwaya waliokuja kumtembelea walisimama nje, wakasikiliza, wakaambizana kwamba mwalimu hajapoteza kipaji.

Naye ndani hakuwa anafikiria kipaji. Alikuwa anaogopa. Alimwita Fidèle, akamwomba azidishe dawa. Fidèle akazidisha, mpaka Antoni akabaki mtupu, na usaha haukujali.

Sasa Sista Edisa akawa na lake la kusema. Alilisema barazani, kwa upole wa ushindi, dirisha la wodi likiwa wazi. Kwamba huyu hapa ndiyo matunda ya sindano moja. Kwamba mgonjwa angemwagiliwa dawa baada ya kisu kama ilivyo desturi, wasingekuwa wanachota usaha kwa kijiko. Lanyero alijibu polepole, sauti isiyo ya kambini. Tangu waanze mtindo huu, alisema, vidonda vibaya vilikuwa vimepungua. Huenda ni sindano, huenda ni kwa sababu amewafukuza kuku waliokuwa wanapita chumba cha upasuaji, hana hakika. Lakini huyu amechomwa kwa wakati, na ameoza. Labda Sista anasema kweli. Labda warudie ya zamani, na penisilini ikiisha, iishe.

Marie-Louise alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda akimmenyea mumewe viazi. Alisikia kila neno, na kisu kikasimama mkononi. Elise, binti yao, alikuwa ametolewa kwa kupasuliwa tumbo huko Beni, na kile kidonda kilikuwa kimefumuka, kikanuka, kikamlaza mama mtu mpaka nywele zikamwanguka. Kule alichomwa sindano za baada nyingi hata akaacha kuzihisi. Na huyu wa sasa tumboni, Lanyero alikuwa ameshamwambia, naye hatapita mlango wa kawaida. Tarehe ilikuwa karibu. Alikuwa amejipa moyo na ile sindano ya kabla kuliko na rozari. Sasa alimwangalia mumewe, mwenye sindano ya kabla na usaha juu yake, na moyo ukamshuka. Aliendelea kumenya viazi, akikata vipande vikubwa mno.

Jean-Bosco aliuona uso ule. Akajiambia atasema kesho, homa ikishuka.

Hakupata nafasi. Mchana uleule aliingia Yafesi, kavaa koti, kabeba ndizi na kuku hai, kaja kuwaaga kabla ya kupanda Kyondo. Aliketi, akamsalimu mama mjamzito kwa heshima zote, akamuulizia na aliye tumboni. Kisha, kama mtu asiyetaka kuondoka na deni la shukrani, akamgeukia Jean-Bosco na kumshukuru kwa ile sindano yake. Alisema anahisi ndiyo iliyomponya haraka hivi. Kwamba si kila Mkatoliki angemwachia jirani dawa yake siku ya kupasuliwa. Kwamba atalisema kanisani kwao.

Marie-Louise akaacha kumenya.

"Sindano gani?" Marie-Louise akauliza.

Yafesi, kwa wema wake, akaeleza yote: Rusi na sinia, mkoromo chini ya blanketi, upande wa kulia na upande wa kushoto.

Marie-Louise aliweka kisu chini. Akamshika mumewe kiganja, si kwa mapenzi, akamvuta kutoka kitandani. Gauni la hospitali lilikuwa la kufungia nyuma na kamba zake zilikuwa zimekatika zamani. Hivyo ndivyo mwongoza kwaya wa Bwera alivyopita katikati ya wodi ya wanaume, akapita baraza, akapita mstari wa akina mama wa kliniki ya watoto, mkono mmoja umekamatwa na mkewe na mwingine ukiwa hauna uhakika uzibe mbele au nyuma. Baadhi ya wale akina mama walikuwa sauti ya pili ya kwaya yake.

Katika chumba cha daktari walimkuta Lanyero na Sista Edisa. Marie-Louise alimsimamisha katikati ya chumba.

"Sema."

Jean-Bosco akasema. Alianza mbali, kwa hali ya nchi na uhaba wa bidhaa, lakini mkewe akamkanyaga kidole cha mguu, akafika upesi. Alieleza Thembo mwingine, alieleza Antoni, alieleza hata nguruwe wa mapadri. Sista Edisa alianza kujikuna shingoni mahali pa ufunguo. Lanyero hakusogea hata kidogo, na Jean-Bosco, ambaye aliwahi kukimbia risasi, aliona bora risasi.

Alipomaliza, daktari aliinama juu ya meza, mabega yakimtetemeka. Walidhani analia. Alikuwa anacheka, bila sauti, kwa muda mrefu, mpaka akajifuta macho kwa kona ya koti lake jeupe.

Sista Edisa akasema, kwa shida, kwamba basi huenda sindano ya kabla inafaa kweli, maana aliyechomwa kapona na asiyechomwa kaoza. Yafesi, aliyekuwa amewafuata na kuku wake, akaitikia amina.

"Hapana," Lanyero akasema. "Hiyo pia hapana. Kuna wanaochomwa na bado wanaoza. Kuna wasiochomwa, wanapona. Wazee wawili hawawezi kunifundisha kitu, na mmoja wao amechomwa mara mbili." Akamgeukia Jean-Bosco. "Asubuhi nilitaka kuacha mpango wote kwa sababu yako. Nilikuchukua kama ushahidi. Wewe si ushahidi, Thembo. Wewe ni usaha tu. Rudi kitandani."

Marie-Louise hakurudi naye. Alibaki, akavuta kiti, akauliza lile alilokuwa nalo moyoni tangu asubuhi: yeye, siku yake, atafanyiwa nini. Lanyero alimjibu bila amri yoyote. Alimwambia atachomwa kabla. Akamwambia hawezi kumwahidi, ila kama angekuwa yeye ndiye anayelala mezani, angetaka achomwe kabla. Marie-Louise aliyapima maneno hayo, akaona yanatosha kuliko ahadi za Beni. Kisha akauliza kama anaweza kuchomwa na mtu asiye Rusi.

Uchungu ulimshika mapema kuliko ilivyotazamiwa, asubuhi, akiwa sokoni. Jean-Bosco alikuwa bado wodini, kidonda kimeanza kujaa nyama kutoka chini, na alipopata habari alijikokota mpaka mlango wa chumba cha upasuaji na kusimama hapo. Sista Edisa alikuja na sindano mwenyewe. Akamkuta amejaza mlango. Akamwamuru aondoke, akakataa. Alitaka kuona inaingia kwa mwenyewe. Akamuuliza Sista, mbele ya watu, hii ni ya nani. Sista akamjibu ni ya Marie-Louise. Akauliza Marie-Louise yupi, maana majina yanafanana. Kutoka mezani mkewe akamwambia, katikati ya uchungu, jambo kuhusu mama yake mzazi ambalo halikuwa la kusemwa hospitali ya misheni. Jean-Bosco akatosheka kwamba ndiye mwenyewe. Akaiona sindano ikiingia, akaona bomba limekwisha, ndipo akatoka, akakaa chini barazani, akatapika.

Alizaliwa binti mwenye mapafu. Lanyero alitoka akiwa amevaa glavu mbili za kushoto, moja imegeuzwa ndani nje, akatangaza kwamba wote wazima, na kwamba baba anaweza kwenda kunawa uso.

Siku zilizofuata zilimkondesha Jean-Bosco kuliko usaha. Kidonda chake hakukitazama tena. Alikuwa anakwenda kusimama chini ya dirisha la wodi ya wazazi, akivuta hewa kwa pua, akitafuta harufu aliyoijua. Siku moja Marie-Louise alimwambia kwamba upande mmoja wa mshono pamekuwa pekundu kidogo, na yeye hakula siku ile wala hakuzungumza. Wanakwaya walidhani amefiwa. Lanyero alipatazama, akapabonyeza, akasema tungoje. Wakangoja. Wekundu ukakaa, ukafikiri, ukaondoka. Nyuzi zilipotolewa, kidonda kilibaki kimefumba mdomo.

Daktari hakushangilia. Alisema amefurahi, akasema tena kwamba mtu mmoja ni mtu mmoja, akaendelea kumchoma kila anayelala mezani kabla ya kisu. Sista Edisa hakuwahi kukiri kitu. Ila wiki chache baadaye mgonjwa mmoja kutoka Maliba alipogoma, akisema achomwe baada ya kupasuliwa kama watu wa zamani, wodi nzima ilimsikia Sista akimuuliza kama nyumbani kwake hufunga zizi ng'ombe wakishaibiwa. Lanyero alikuwa anapita. Hakugeuka.

Waliruhusiwa siku ileile moja, mume na mke. Mteremko wa kutoka hospitalini mpaka barabara ya Mpondwe ulikuwa wa mawe na utelezi, na Marie-Louise alimpa Jean-Bosco mtoto ambebe. Jean-Bosco akamkumbusha kwamba daktari amemkataza kuinua kitu chochote kizito mpaka baada ya mavuno ya kahawa. Marie-Louise akasema naye amekatazwa, na kwamba mtoto ni wa wote wawili, na kwamba mzito kati yao watatu si mtoto. Wakasimama pale njiani wakibishana kama mtoto ni kitu kizito au si kizito, mpaka mtoto mwenyewe akachoka kuwasikiliza na kuanza kulia, kwa sauti iliyopanda moja kwa moja bila kuvunjika. Jean-Bosco akamchukua, akamlaza begani upande wa kushoto, akaanza kushuka taratibu, mguu kwa mguu.